Mashine Mpya, Mwili Uliochoka

Somo: 1 Wafalme 19:1–8

Leo twataka kuzungumza habari ya nyumba ambayo mume au mke, mtu wa makamo au mzee, amekwenda hospitali kubadilishiwa mashine ya moyo, ile iitwayo pesimeka. Amerudi salama. Jirani wamekuja, wamemshukuru Mungu, wamesema, “Sasa umepona.” Lakini siku zapita, wiki zapita, naye asema kwa sauti ndogo, “Mimi sijisikii vizuri.” Je, mwenzake afanye nini?

Mara nyingi huambiwa, “Mzee, mashine ni mpya, wataka nini tena?” Neno hili halisemwi kwa ubaya. Lasemwa kwa sababu sisi sote twapenda jambo likiisha liwe limekwisha. Lakini hebu tulitazame vizuri, kwa maana mambo mawili yaweza kuwa kweli pamoja: operesheni imefaulu, na mgonjwa hajisikii vizuri.

Kwanza tufahamu mashine hii ni kitu gani. Moyo una umeme wake mdogo, ambao Mungu aliuweka ili upige kwa mpango. Njia ya umeme huo ikichakaa, mapigo hupungua, mtu huona kizunguzungu na hata kuzimia. Pesimeka ni kijisanduku kidogo, kiasi cha saa ya mkono, kinachowekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, na kwa kawaida waya moja au zaidi hutoka humo kwenda moyoni. Moyo ukichelewa kupiga, mashine huusukuma kwa umeme kidogo. Kazi yake kubwa ni hiyo, kuuzuia moyo usipige polepole mno. Haishushi shinikizo la damu, haisafishi mishipa, wala haiponyi sukari.

Watu wetu huiita “betri”. Lakini betri yenyewe imefungwa ndani ya kijisanduku, haitolewi peke yake. Basi nguvu zake zikikaribia kwisha, labda baada ya miaka 5, labda 10, na nyingine hufika 15, daktari hutoa kijisanduku kizima na kuweka kingine mahali pale pale. Nyaya za zamani, zikiwa bado nzima, huachwa na kuunganishwa na mashine mpya.

Mtu wa kwanza kuwekewa mashine nzima ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson wa Uswidi, tarehe 8 Oktoba 1958, akiwa na umri wa miaka 43. Alikuwa akizimia mara nyingi kila siku. Mke wake, Else-Marie, hakukubali kukaa kimya. Aliwaendea daktari mpasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist, akawasihi wamtengenezee mumewe chombo ambacho kilikuwa bado kinajaribiwa tu. Inasimuliwa kwamba mhandisi alitumia kopo la rangi ya viatu kuwa kalibu ya chombo hicho. Cha kwanza kilifanya kazi kwa saa chache tu, kisha wakaweka kingine. Larsson alibadilishiwa mashine zaidi ya mara 20, akaishi mpaka Desemba 2001, akafa akiwa na miaka 86, baada ya daktari na mhandisi wake kwisha kutangulia. Ndugu, kumbukeni kwamba nyuma ya habari hii kubwa ya utabibu yuko mke aliyesema, “Mume wangu si mzima, tafadhalini mtazameni.”

Sasa, kwa nini mtu ajisikie vibaya baada ya kubadilishiwa? Sababu zaweza kuwa za namna tatu.

Ya kwanza ni kidonda. Maumivu kidogo na alama ya damu kuvilia chini ya ngozi kwa siku chache ni jambo la kawaida. Lakini mahali palipopasuliwa mara ya pili hushika uambukizo upesi kuliko mara ya kwanza. Pakiwa pekundu, pakivimba zaidi badala ya kupungua, pakiwa na joto, pakitoa maji au usaha, au mtu akipata homa, msingoje siku ya kliniki. Uambukizo waweza kuja hata baada ya miezi. Na hapa Pwani tusiseme upesi, “Ni malaria tu.” Apimwe malaria, naam, lakini kidonda nacho kitazamwe.

Ya pili ni mpango wa mashine. Mashine mpya pengine haikupangwa sawasawa na ile ya zamani ambayo mwili uliizoea. Nyingine hutambua mwendo wa mwili na kuuongezea moyo mapigo. Ikiwa nyepesi mno kutambua, moyo wa mzee waweza kwenda mbio amekaa ndani ya matatu, kwa sababu tu gari laruka juu ya mashimo. Ikiwa nzito mno, atachoka akipanda ngazi. Tena, vyumba vya juu na vya chini vya moyo visipopiga kwa zamu yake, mtu huona uchovu, kizunguzungu, au mshipa kugonga shingoni. Na waya usiposhika vizuri, kizunguzungu cha zamani hurudi, au misuli ya kifua hurukaruka, au kwikwi haiachi. Mengi katika haya hurekebishwa bila kisu. Fundi wa kliniki huweka kifaa juu ya kifua, husoma habari za mashine na kuipanga upya, na mgonjwa huhisi kidogo au hahisi kitu. Shida ya waya ndiyo pengine hudai kufunguliwa tena.

Ya tatu ni mwili wenyewe na roho. Dawa za shinikizo la damu zaweza kuwa nyingi mno kwa hali yake ya sasa. Damu yaweza kuwa imepungua. Moyo wenyewe waweza kuwa umedhoofika baada ya miaka mingi ya kusukumwa na mashine, miguu ikavimba na pumzi ikawa fupi. Tena yako majonzi na hofu. Mtu aliyelala juu ya kitanda cha upasuaji akijua kwamba kilichokuwa kikimsukuma moyo kinatolewa, si ajabu akiamka usiku na kusikiliza kifua chake.

Pale Kisauni iko kengele ya Frere Town, mji uliofanywa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kengele hiyo ililia kuwaonya watu kwamba majahazi ya wenye biashara ya watumwa yalikaribia, na hata leo mahali pale huitwa Kengeleni. Sasa, kengele haisemi jahazi ni la nani wala lina watu wangapi. Husema tu, “Amkeni, mkatazame.” Neno la mwenzako, “Sijisikii vizuri,” ni kengele ya namna hiyo. Yeye hawezi kukuambia kama ni waya, au dawa, au huzuni. Kazi yako si kubishana na kengele, bali kuamka na kutazama.

Utatazamaje? Nunua daftari dogo la shule. Kila anapojisikia vibaya, andika tarehe, saa, alikuwa akifanya nini, alijisikiaje, na ilidumu muda gani. Andika dawa alizokunywa na saa alizozinywa. Jifunze kuhesabu mapigo ya mshipa wa mkono wake kwa dakika 1 nzima, akiwa ametulia. Muulize daktari mashine imepangwa isiruhusu mapigo yashuke chini ya ngapi, kisha uandike hesabu hiyo kwenye jalada la daftari.

Tena tumia vipimo vya maisha ya kila siku. Ninyi wa Likoni mwajua mpando wa kutoka kwenye feri. Ikiwa kabla ya operesheni baba aliupanda akisimama mara moja, na sasa asimama mara tatu, liandike jambo hilo. Ninyi wa Changamwe na Kisauni, andikeni habari za ngazi za nyumba, au mtungi wa maji, au mwendo wa kwenda kanisani. Daktari akisikia, “Amechoka,” hajui la kufanya. Akisikia, “Mwezi uliopita alifika kanisani bila kupumzika, sasa hupumzika mara mbili njiani,” amepata njia ya kuanzia.

Siku ya kliniki mwende wawili. Mwache yeye aseme kwanza, kwa kuwa mwili ni wake, kisha wewe usome daftari. Chukueni ile kadi ya mashine, wala asitoke nyumbani bila kadi hiyo. Ulizeni kwa adabu maswali haya manne: Je, mashine hii imepangwa sawa na ile ya zamani? Nyaya zimepimwa, na ziko sawa? Je, dawa zake zafaa bado? Na kama mashine ni nzima, ni kitu gani kingine kinachoweza kumchosha? Swali la nne ndilo kubwa, kwa maana mashine ikisemwa ni nzima, haina maana ya kuwa mtu ni mzima. Ulizeni pia habari ya malipo mapema, kwa kuwa tangu Oktoba 2024 SHA imechukua mahali pa NHIF, na kadi au karatasi moja isiyo tayari yaweza kuwapotezea siku.

Lakini yako mambo yasiyongoja daftari wala kliniki. Akizimia, akipata maumivu ya kifua, akikosa pumzi hali amekaa, akichanganyikiwa ghafula, au mapigo yakishuka chini ya ile hesabu mliyopewa, mpelekeni hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku na feri imejaa watu.

Tena msikande mahali pa mashine kwa mafuta wala kwa maji ya moto, ingawa mkandaji ni hodari na ana nia njema. Uvimbe wa hapo usitobolewe nyumbani. Asiache dawa kwa shauri la jirani. Simu asiiweke katika mfuko wa shati juu ya mashine, bali aitumie kwa sikio la upande wa pili. Wala asisimame karibu na fundi anayechoma vyuma kwa umeme.

Sasa turudi kwenye somo letu. Eliya alikuwa ametoka Karmeli, mahali pa ushindi mkubwa. Watu wangesema, “Sasa mambo yake ni mazuri.” Lakini tunamkuta jangwani chini ya mretemu, amechoka, anatamani kufa. Mungu alimfanyia nini? Hakumkemea. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akaja mara ya pili akafanya vivyo hivyo, akakiri kwamba safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Maneno ya kumfundisha yalikuja baadaye, siku nyingi baadaye, huko Horebu.

Basi wewe mwenzi wa mgonjwa, fuata utaratibu huo. Kwanza mguse. Mpe chakula alichokizoea. Mwache alale. Badala ya kusema, “Jikaze, mbona mwenzako fulani alipona wiki moja,” sema, “Pole, mume wangu. Nakusikia. Kesho tutapiga simu kliniki.” Wala usimfanye kama mtoto. Akiweza kuchambua mchicha au kuhesabu sadaka, mwache afanye, kwa maana mtu asiye na kazi yoyote husikiliza moyo wake mchana kutwa.

Na wewe mwenyewe? Tumewaona akina mama na akina baba wanaolala jicho moja wazi, wakisikiliza kama mwenzao anapumua. Siku kumi hivi, mwezi hivi, mwisho hasira huja, na baada ya hasira hukumu ya moyo. Malaika alikuwa na nguvu zisizokwisha, wewe huna. Mwambie mtoto mmoja mkubwa alale hapo usiku mmoja kila wiki. Waambie wazee wa kanisa.

Na sisi tulio kanisani tusimtembelee mgonjwa kwa maswali ya mara moja tu, “Umepona?” Swali hilo lamlazimisha kusema ndiyo. Tuulize, “Leo siku imekuwaje?” kisha tukae, tungoje jibu. Umoja wa Akina Mama waweza kupanga zamu ya chakula. Mwenye gari aweza kusema, “Siku ya kliniki mimi nitawapeleka.” Kijana aweza kumshika mzee mkono kwenye mpando wa feri. Haya ni madogo, lakini ndiyo mkate na maji ya Eliya katika siku zetu.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe wajua kila pigo la moyo. Wakumbuke waliorudi nyumbani na bado hawana nguvu. Wape wenzi wao masikio ya kusikia na uvumilivu wa kungoja. Wape madaktari na mafundi macho ya kuona. Nasi utufanye tuwe tayari kuamka kengele inapolia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.