Je, Wajua? Mkono Ulioambiwa Upumzike

Je, wajua kwamba…

• Kwa miaka mingi, aliyetibiwa saratani ya matiti aliambiwa asinyanyue kitu kizito kwa mkono wa upande uliopasuliwa? Tezi za kwapani zikitolewa au zikipigwa mionzi, majimaji ya mwili hukosa njia na mkono huweza kuvimba. Ilidhaniwa kazi nzito ingeuchochea uvimbe huo.

• Mwaka 1996, Don McKenzie, daktari wa tiba ya michezo mjini Vancouver, Kanada, aliijaribu dhana hiyo majini? Aliwafunza wanawake 24 waliotibiwa saratani hiyo kupiga kafi katika mashua ndefu ya mashindano yenye kichwa cha joka. Hakuna aliyeanza kuvimba mkono. Leo timu kama yao zipo katika nchi nyingi.

• Hata mkono uliokwisha kuvimba unaweza kunyanyua vyuma? Mwaka 2009, Kathryn Schmitz na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa mwaka mzima juu ya wanawake 141 wenye uvimbe huo. Kati ya walionyanyua vyuma mara 2 kwa wiki, 14% walizidiwa na uvimbe; kati ya wasionyanyua, 29%. Walianza na uzito mdogo sana, wakauongeza polepole chini ya mwalimu, mkono ukiwa ndani ya vazi la kubana.

• Uchovu unaoletwa na saratani na dawa zake hauondoki kwa kulala tu? Mazoezi ni miongoni mwa tiba zinazoupunguza vizuri zaidi.

• Kipimo cha mazoezi hayo kinajulikana? Wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana mwaka 2019: dakika 30 za kutembea haraka au zoezi kama hilo, mara 3 kwa wiki. Kufikia wiki 12, uchovu, wasiwasi na sonona hupungua, na maisha huwa na nafuu.

• Vidonge vya kupunguza homoni, wanavyopewa baadhi ya waliotibiwa saratani ya matiti, huweza kuumiza viungo hata mtu akatamani kuviacha? Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 2015, waliofanya mazoezi walipata nafuu ya maumivu hayo.

• Zoezi mojawapo la mwanzo la mkono baada ya upasuaji halihitaji kifaa? Daktari akisharuhusu, simama mbele ya ukuta, upandishe vidole taratibu kama buibui, bega lisikakamae.

• Mkono ukivimba ghafla, ukawa mwekundu na wa moto, au homa ikipanda, zoezi husimama? Nenda hospitali siku hiyohiyo: huenda ni maambukizi.