Mwezi wa Kwanza wa Bwawa la Kuogelea: Maji, Saruji na Klorini

Bwawa la kuogelea lililojengwa kwa zege na kumaliziwa kwa lipu ya saruji nyeupe huonekana limekamilika siku linapojazwa maji, lakini kwa upande wa kemia ujenzi wake huwa ungali unaendelea. Saruji haikauki kwa kupoteza maji kama udongo unavyokauka juani, bali huwa ngumu kwa kuungana na maji, na mmenyuko huo huhitaji takriban siku 28 ili lipu ifikie sehemu kubwa ya uimara wake. Katika kuungana huko huzaliwa haidroksidi ya kalsiamu, ambayo ndiyo chokaa iliyozimwa wanayoijua waashi, na ile iliyo karibu na uso wa lipu huyeyuka na kuingia majini. Kwa mwezi mzima, basi, ukuta na maji huwa vinabadilishana madini, na namna vinavyobadilishana ndiyo huamua kama uso wa bwawa utabaki laini kwa miaka mingi au utakwaruza miguu ya waogeleaji kabla mwaka haujaisha. Ndiyo maana mwenye bwawa anayekimbilia kununua ndoo ya klorini kabla hajayapima maji yake huwa ameanza na jambo ambalo lilipaswa kuja mwisho.

Kipimo cha kwanza ni pH, yaani namba inayoonyesha kama maji yameelemea upande wa tindikali au upande wa alikali, ambapo 7 ni katikati. Maji ya bwawa hutakiwa kuwa kati ya 7.2 na 7.8, na sababu si macho ya waogeleaji peke yake, ingawa machozi ya binadamu nayo hukaribia 7.4. Klorini inapotiwa majini hugawanyika sehemu mbili: asidi ya haipoklorasi, inayoua vijidudu kwa haraka, na ayoni ya haipokloraiti, ambayo ni dhaifu mno kwa kazi hiyo. Katika pH ya 7.5 sehemu hizo mbili hukaribia kulingana, lakini pH ikifika 8 ile yenye nguvu hubaki takriban robo tu, hivyo mwenye bwawa anaweza kuongeza klorini kila jioni na bado akaona maji yakigeuka kijani. Lipu changa, kwa kuwa hutoa chokaa, huisukuma pH juu kila siku, na hapo ndipo mabwawa mengi mapya huharibikiwa bila mwenyewe kujua chanzo.

Kipimo cha pili ni ualikali, yaani kiasi cha bikaboneti na madini ya jamii yake kinachoyawezesha maji kuhimili mabadiliko ya pH. Ukiwa chini sana, tindikali kidogo tu huiangusha pH ghafla, na ukiwa juu sana, pH hung'ang'ania juu na kukataa kushuka. Kiwango kinachopendekezwa kwa kawaida ni miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Cha tatu ni ugumu wa maji, unaotokana hasa na kalsiamu iliyoyeyuka, na kwa bwawa la lipu hupendekezwa uwe kati ya miligramu 200 na 400 kwa lita.

Vipimo hivi havisomwi kimoja kimoja. Mwaka 1936 Wilfred Langelier, profesa wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, alichapisha njia ya kukadiria kama maji yatayeyusha kaboneti ya kalsiamu au yataitandaza, na ingawa alikusudia kulinda mabomba ya maji ya miji, hesabu yake ndiyo iliyokuja kutumiwa na mafundi wa mabwawa. Hesabu hiyo hukusanya pH, joto, kalsiamu na ualikali katika namba moja, ambayo ikiwa sifuri au karibu nayo huonyesha kwamba maji yametulia. Namba ikishuka mno chini ya sifuri, maji huwa na njaa, na kwa kuwa chakula pekee kilicho karibu ni lipu yenyewe, huilamba na kuiachia vishimo. Ikipanda mno, kalsiamu ya ziada huganda ukutani na ndani ya mabomba kama magamba yanayoonekana katika birika la kuchemshia maji. Maji yenye joto la nyuzi 29, pH ya 7.5, kalsiamu ya miligramu 300 na ualikali wa miligramu 100 hutoa namba ya takriban 0.2, ambayo ni salama. Maji ya nyuzi 20 yenye pH ya 7.2, huku kalsiamu na ualikali vikiwa miligramu 30 tu kila kimoja, hutoa takriban hasi 1.8, nayo yaweza kung'aa kama kioo huku yakiendelea kuitafuna lipu. Jambo hili halina budi kusisitizwa, kwa sababu weupe wa maji hauelezi lolote kuhusu utulivu wake.

Katika Afrika Mashariki tofauti hizi hutegemea sana mahali maji yanapotoka. Visima vingi vya mwambao, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, vimechimbwa katika jiwe la matumbawe, jiwe lile lile ambalo wajenzi wa Uswahilini walilijengea nyumba na misikiti na kulichoma ili kupata chokaa, na kwa kuwa jiwe hilo kwa sehemu kubwa ni kaboneti ya kalsiamu, maji yake huwa magumu na mara nyingi huwa na chumvichumvi. Nairobi, kinyume chake, hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka mito ya milima ya Aberdare inayopita katika miamba ya volkano, na maji hayo huwa laini, yaani yenye madini machache. Fundi aliyezoea mabwawa ya Diani, ambaye kazi yake kubwa ni kuzuia magamba kwa kuishusha pH, akihamishia desturi hiyo Nairobi bila kupima ataliharibu bwawa la watu kwa nia njema.

Kwa bwawa la lipu lenye urefu wa meta 10, upana wa meta 5 na kina cha wastani cha meta 1.5, ujazo ni lita 75,000, na takwimu hiyo inafaa kuandikwa mahali pa kudumu kwa kuwa dozi zote huhesabiwa kutokana nayo. Kujaza kusianze na kusimama, kwa sababu maji yakikaa kwenye kimo kimoja kwa saa nyingi huacha alama ya mstari isiyofutika kwa urahisi, na ncha ya mpira wa maji ifungwe kitambaa ili mkondo usichimbe lipu mbichi. Maji yakishajaa, pampu huwashwa na kuachwa ifanye kazi mfululizo kwa siku 3 za mwanzo, kisha vipimo huchukuliwa. Ikiwa ualikali ni miligramu 30 tu, kuufikisha 80 katika bwawa hilo kutahitaji bikaboneti ya sodiamu, ile inayotumika jikoni kuumulia vitumbua na keki, zaidi kidogo ya kilo 6. Isichanganywe na magadi, yaani kaboneti ya sodiamu inayovunwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya, ambayo huipandisha pH kwa nguvu, jambo ambalo lipu changa tayari inalifanya bila msaada. Kalsiamu inayopungua huongezwa kwa kloridi ya kalsiamu kwa awamu, ikiyeyushwa kwanza ndani ya ndoo ya maji, kwa tahadhari kwa kuwa huyapasha moto.

Katika wiki 2 za mwanzo kuta na sakafu hupigwa brashi angalau mara 2 kwa siku, ili vumbi jeupe la kaboneti ya kalsiamu lichukuliwe na kichujio kabla halijagandia kwenye lipu, na pH hupimwa kila siku na kurudishwa chini kwa dozi ndogo za asidi ya haidrokloriki. Asidi ndiyo inayomiminwa katika ndoo ya maji, kamwe si maji katika asidi. Klorini huanza kutiwa baada ya siku 3 hivi, na chumvi, kwa bwawa lenye mashine ya kutengeneza klorini kutokana na chumvi, husubiri hadi siku 28 zitimie. Muda huo wote ambapo vumbi lingali likionekana na klorini haijathibitishwa, hakuna mtu anayepaswa kuogelea.

Klorini yenyewe huuzwa kwa sura mbalimbali, na uchaguzi wake hurudi kwenye aina ya maji. Unga wa haipokloraiti ya kalsiamu huongeza ugumu na kuipandisha pH, hivyo hufaa zaidi maji laini. Vidonge vya asidi ya traikloroisosayanuriki huishusha pH na kuleta asidi ya sayanuriki, kinga inayoizuia klorini isiharibiwe na jua, ambalo mchana wa mwambao huweza kuimaliza nusu yake ndani ya saa moja ikiwa haina kinga. Kiasi cha miligramu 30 hadi 50 za kinga hiyo kwa lita hutosha. Zikizidi sana, klorini hufungwa na kupungukiwa nguvu. Kwa kuwa kila miligramu 10 za klorini ya vidonge huleta karibu miligramu 6 za asidi ya sayanuriki, bwawa linalotumia miligramu 2 kwa siku hupata 36 kwa mwezi mmoja. Bidhaa hizi mbili, unga na vidonge, zisikutanishwe katika ndoo au kijiko kimoja hata zikiwa kavu, kwa kuwa zinaweza kuwaka na kulipuka, na klorini ya aina yoyote ikigusana na asidi hutoa gesi ya sumu. Ghala la dawa za bwawa linastahili uangalifu uleule unaopewa mtungi wa gesi, hasa penye watoto.

Baada ya mwezi wa kwanza, pH na klorini hupimwa angalau mara 2 au 3 kwa wiki, na ualikali mara moja. Kalsiamu na asidi ya sayanuriki hubadilika polepole, lakini huelekea upande mmoja tu, kwa sababu maji yanayopaa kwa jua huacha madini yote nyuma na yale ya kisima yanayoongezwa huja na madini mengine. Dawa ya uhakika ya ziada hiyo ni kutoa sehemu ya maji na kuingiza mapya, na mvua za masika, ambazo ni maji laini kabisa, husaidia kazi hiyo. Bwawa lisitolewe maji yote msimu huo, kwa kuwa maji ya ardhini yaliyopanda yanaweza kulisukuma kutoka chini na kulipasua, au hata kuliinua zima zima kutoka mahali pake.