Rubisi, Wanzuki na Gongo: Ulimi Unaweza Kupima Nini?

Katika Injili ya Yohane, sura ya 2, mkuu wa meza kule Kana anautambua ubora wa divai kwa kuionja. Hajui imetoka wapi, lakini ulimi wake unamtosha kutofautisha divai njema na hafifu. Naanzia hapo kwa sababu waamini wa Kanda ya Ziwa huuliza mara kwa mara kama pombe za asili ni dhambi, nao hujibiwa kwa mkato kwamba pombe ni pombe. Jibu hilo halitoshi.

Chukua rubisi, ambayo Wahaya wanaoishi hapa Mwanza wanaifahamu vema. Ndizi huivishwa, humenywa na kukandwa pamoja na majani ndani ya chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi, hadi juisi itoke. Juisi huchujwa, hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, kisha hufunikwa kwa majani ya mgomba ichachuke. Anayeinywa mapema hukuta utamu wa ndizi na harufu kidogo ya moshi iliyotoka kwenye mtama. Akingoja, utamu hupungua na uchachu kutawala. Wanzuki ya asali nayo hutanguliza utamu, ukali ukifuata nyuma. Pombe ya mtama ni nzito, yenye ladha ya kimea, na kwa wakulima wengi wa Usukumani imekuwa nusu kinywaji, nusu chakula.

Waingereza wana ndugu wa pombe hizi, bia yao ya kale iitwayo ale. Zamani ilitengenezwa bila hopsi, ule mmea unaoipa bia uchungu, ambao ulienea Uingereza tangu karne ya 15. Ale ya jadi huendelea kuchachuka ndani ya pipa lake, haitiwi gesi, na hunywewa ikiwa na ubaridi wa kadiri tu. Mwaka 1971, bia za viwandani zilipoanza kuifunika, wanywaji waliunda chama cha kuitetea. Mzee wa Karagwe angewaelewa: pombe iliyo hai hubadilika kila siku, na ulimi huona badiliko hilo.

Gongo ni jambo jingine. Pombe iliyokwisha kuchachuka huchemshwa, mvuke wake hupozwa katika bomba, na matone hukingwa. Wiski hutengenezwa kwa njia iyo hiyo, na historia yake inagusa nyumba zetu za kitawa: hesabu za mfalme wa Uskoti za mwaka 1494 zinamtaja mtawa John Cor, aliyepewa kimea cha kutengenezea aqua vitae, yaani maji ya uzima. Lakini leo wiski ya Uskoti hulazwa katika mapipa ya mwaloni kwa miaka isiyopungua 3, na nguvu yake, asilimia 40 au zaidi, huandikwa kwenye chupa. Chupa ya gongo haina maandishi. Mpishi mmoja hutoa kali, mwingine kali mara mbili, na koo lililoungua halipimi tofauti. Baya zaidi, methanoli ikichanganywa humo, mnywaji haitambui kwa kuonja. Uganda ilizika makumi ya watu wa Kabale mwaka 2010 kwa sababu hiyo, na Kenya ikapata msiba wa namna hiyo mwaka 2014.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoandika juu ya ulevi, alikubali kwamba mtu asiyejua nguvu ya kinywaji anaweza kulewa bila dhambi, kama Nuhu anavyodhaniwa. Wapo wanaojificha nyuma ya Nuhu. Lakini anayekunywa gongo anajua tangu mwanzo kwamba hawezi kujua nguvu yake, hivyo udhuru huo haumfai. Fadhila ya kiasi inahitaji kitu kinachopimika.

Hatari ni kubwa zaidi visiwani na kwenye mialo. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa hupumzika, wakiwa na fedha mfukoni na muda mwingi. Tangu Machi 1, 2017 viroba vilipopigwa marufuku, kinywaji kikali cha bei ndogo kilichobaki karibu yao ni gongo.

Kwa mama anayepika gongo ili alipe ada za watoto, sina maneno makali. Sheria inamkataza, na mteja wake anaweza kufa. Ni lazima aache. Lakini Jumuiya Ndogo Ndogo inayomwambia aache bila kumsaidia kupata mtaji wa kuuza dagaa au maandazi imefanya nusu ya kazi. Nazo kamati za mahari na harusi ziache kudai gongo mezani. Rubisi au wanzuki vinatosha kuwaheshimu wazee.

Mtu akinywa gongo, kisha baada ya saa kadhaa, au hata kesho yake, akaumwa kichwa sana, akatapika na kuona ukungu machoni, msimwache alale mkidhani pombe itamtoka. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo na mwambieni daktari alichokunywa. Methanoli ina tiba, lakini macho hayangoji.