Umetuletea Nini Kutoka Ulaya?

Desturi yetu yajulikana: mtu akirudi kutoka safari ya mbali, watu humpokea mzigo kwanza, kisha humpokea mwenyewe. Si choyo. Zawadi ya safari, hata ikiwa mkate mmoja tu, ni ishara kwamba mwenzetu alipokuwa mbali alitukumbuka. Lakini desturi hii nzuri imekuwa mzigo kwa wengi. Wako wanaokopa fedha ili wasirudi mikono mitupu. Wako pia wanaoacha kurudi kabisa kwa kuona haya. Basi leo natuzungumze jambo hili: msafiri alete nini nyumbani? Nitatoa mfano wa mji mmoja wa Ulaya, yaani Venice, katika nchi ya Italia, ambako nilipitisha siku tisa za likizo yangu mwezi wa Septemba mwaka 2024, kwa mwaliko wa marafiki wa parokia yetu.

MJI WENYEWE

Venice umejengwa juu ya visiwa vidogo zaidi ya mia moja, katika maji ya chumvi yaliyotengwa na bahari kuu kwa ukanda mwembamba wa mchanga. Ndani ya mji ule wa kale hakuna motokaa wala pikipiki. Barabara zake kubwa ni mifereji ya maji. Takataka huzolewa kwa mashua, mgonjwa hupelekwa hospitali kwa mashua, hata jeneza huenda makaburini kwa mashua, maana makaburi yana kisiwa chake, San Michele.

Nyumba zasimama juu ya nguzo za miti zilizopigiliwa katika tope. Utauliza: Je, miti hiyo haiozi? Haiozi upesi, kwa sababu imezama ndani ya tope na maji, mahali ambapo hewa haifiki. Kanisa la Santa Maria della Salute, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1631 baada ya tauni kubwa, husemwa kwamba limebebwa na nguzo zaidi ya milioni moja. Mgeni husifu kuba lake jeupe. Nguzo hazioni mtu, nazo ndizo zinazolibeba.

USHANGA WA BIBI ZETU

Ukipanda mashua kutoka Venice, baada ya muda mfupi wafika kisiwa cha Murano. Hapo ndipo nyumbani kwa kioo. Mwaka 1291 serikali ya Venice iliamuru matanuru ya kioo yahamishiwe huko, kwa kuogopa moto, maana wakati ule nyumba nyingi za mjini zilikuwa za mbao. Mafundi waliheshimiwa sana, lakini walikatazwa kwenda kukaa nchi nyingine, wasije wakatoa siri ya kazi yao.

Katika kazi zote za kioo, ile iliyonigusa moyo zaidi ni ushanga. Tazama jinsi ulivyotengenezwa. Fundi huchota kioo kilichoyeyuka kwa chuma kirefu, akakitia tundu katikati. Mwenzake hukishika upande wa pili, kisha wawili hao huachana mbio, huyu huku, yule kule, na kioo hunyumbuka kati yao kikawa mrija mwembamba mrefu sana. Tundu lile halipotei, bali huwa jembamba kama mrija wenyewe. Mrija ukipoa hukatwa vipande vidogo vidogo, navyo hutiwa motoni tena mpaka ncha zake ziwe laini. Hapo tundu la uzi limekwisha kuwapo.

Baada ya hapo ilikuwa zamu ya wanawake. Waliketi milangoni pao na sinia la mbao magotini, wakishika mkononi sindano ndefu nyingi zilizopangwa kama upepeo. Walizichovya katika ushanga, zikatoka zimejaa. Ni mama maskini, waliolipwa kidogo, wakipiga soga na kulea watoto huku mikono inafanya kazi. Mwaka 2020 shirika la UNESCO liliiweka kazi ya ushanga wa kioo ya Italia na Ufaransa katika orodha ya urithi wa binadamu.

Sasa sikieni, ndugu. Ushanga ule ulikwenda wapi? Sehemu yake ilikuja kwetu! Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Unguja na Bagamoyo kuja bara ilibeba magunia ya ushanga, na mwingi wake ulitoka Venice. Ulikuwa fedha ya njiani. Kwa ushanga watu walinunua nafaka na kuku, wakalipa hongo kwa watemi. Naye mfanya biashara asiyejua mapenzi ya watu alipata taabu. Henry Morton Stanley, alipokuwa akitengeneza msafara wake Unguja mwaka 1871, ilimpasa kuuliza sana kwanza: Unyamwezi walitaka ushanga mwekundu, Ugogo walipokea mweusi ambao kwingine haukuwa na thamani, na Ujiji walikuwa na aina zao. Mtu aliyebeba rangi isiyopendwa aliweza kulala njaa na magunia yake yamejaa.

Basi bibi zetu hawakuwa watu wa kupokea kila kitu kinachong'aa. Walichagua, na kiwanda cha Ulaya kilipaswa kufuata macho yao. Lakini tusisahau upande wa huzuni. Ushanga huo huo ulinunua pembe za ndovu, na pengine ulinunua watu. Mama wa Venice aliyetunga ushanga mlangoni pake hakujua ungebadilishwa na nini. Mama wa bara aliyeuvaa shingoni hakujua ulitungwa na nani.

Nilinunua uzi mmoja wa ushanga kwa mwanamke fundi, ambaye niliona kwa macho yangu akizungushia kioo kwenye kijiti cha chuma mbele ya moto. Njiani maduka mengi yaliuza vitu vya kioo kwa bei ndogo sana, lakini si vyote vilivyotoka Murano. Vingine hutengenezwa katika viwanda vya nchi za mbali. Kwa ajili hiyo mwaka 1994 sheria ya mkoa wa Veneto iliweka alama ya kutambulisha kioo cha kweli cha Murano. Nayo kazi hiyo ina shida, maana tanuru halizimwi usiku wala mchana. Mwaka 2022 gesi ilipopanda bei, matanuru mengine yalizimwa kwa muda. Mnunuzi anayetaka rahisi tu, amsaidia nani?

VITU VILIVYOCHUKULIWA

Mji wa Venice wenyewe umejaa kumbukumbu za safari. Juu ya milango ya kanisa kuu la Mtakatifu Marko wasimama farasi wanne wa shaba. Wale wa nje ni mfano tu. Wa asili wamehifadhiwa ndani. Walitoka wapi? Mwaka 1204 majeshi ya Vita vya Msalaba, pamoja na watu wa Venice, waliuteka na kuunyang'anya mji wa Kikristo wa Constantinople, ambao leo ni Istanbul. Farasi hao walikuwa katika mateka. Mwaka 1797 akaja Napoleon, akawachukua kwenda Paris. Hapo watu wa Venice walionja uchungu wa kunyang'anywa. Mwaka 1815 farasi walirudishwa Venice, wala si Constantinople.

Tena, jina lenyewe la kanisa lile latoka Afrika. Masimulizi ya kale yasema kwamba mwaka 828 wafanya biashara wawili wa Venice waliuchukua kwa siri mwili wa Mtakatifu Marko kutoka Aleksandria, Misri. Wanasema waliuficha chini ya nyama ya nguruwe ili wakaguzi Waislamu wasiguse kapu. Jambo hilo limechorwa kwa vipande vidogo vya kioo katika kuta za kanisa, wala halikufichwa. Lakini mwaka 1968 Papa Paulo wa Sita aliwarudishia Wakristo Wakopti wa Misri sehemu ya masalia hayo, nayo yakapokewa Kairo kwa shangwe. Zilikuwa zimepita karne kumi na moja! Nilipokuwa nimesimama pale niliwaza: kitu cha thamani huuliza daima kilivyopatikana, hata baada ya miaka elfu.

MAJI YA MVUA

Sasa nawaambieni jambo la faida kwa kila kijiji. Venice umezungukwa na maji, lakini maji hayo ni ya chumvi, hayanyweki. Waliishije basi? Walikinga mvua. Katika viwanja vyao walichimba shimo pana, lenye kina cha mita kadhaa. Chini na kando walisiliba udongo wa mfinyanzi ili chumvi isipenye. Katikati wakajenga kisima cha matofali, na nafasi iliyobaki wakaijaza mchanga safi. Juu wakatandaza mawe, wakiacha matundu. Mvua iliyonyesha kiwanjani na juu ya mapaa iliingia matunduni, ikachujwa na mchanga, ikafika kisimani imetakata. Katika karne ya 19 walihesabu visima zaidi ya 6,000 mjini mle. Visima vya watu wote vilifunikwa kwa kifuniko cha chuma na kufungwa. Mzee wa mtaa alishika ufunguo, akafungua kwa saa zilizowekwa. Bomba la maji kutoka bara lilifika mwaka 1884 tu.

Nilichora kisima hicho katika daftari yangu, na mchoro huo ndio mzigo mwepesi kuliko yote niliyorudi nayo. Fikirini wenyewe: mapaa mangapi ya bati tunayo, ya makanisa, ya shule, ya zahanati, nayo mvua yamwagika chini na kuchimba makorongo, huku watoto wetu wa kike wakipoteza asubuhi nzima kutafuta ndoo moja? Pipa, mfereji wa bati na chujio la mchanga havitaki mtaalamu kutoka Ulaya. Maji ya kunywa tuyachemshe vilevile. Lakini kumbukeni lile neno la ufunguo. Kisima kisicho na mzee wa kukitunza hakifiki masika ya pili.

MGENI NA MWENYEJI

Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Venice nimeona kwamba wageni wakizidi mno, mwenyeji huhama. Mwaka 1951 wakazi wa mji wa kale walikuwa 175,000 hivi. Mwaka 2022 walipungua chini ya 50,000. Nyumba nyingi zimegeuzwa vyumba vya wageni, kodi imepanda, na duka la mboga limekuwa duka la vinyago na sanamu. Vijana huhamia bara, ng'ambo ya daraja. Tangu tarehe 1 Agosti 2021 meli kubwa za watalii zilikatazwa kupita mbele ya mji, na mwaka 2024, kwa siku fulani fulani, mgeni wa kutwa alianza kutozwa euro 5 za kuingia.

Hili latuhusu sisi pia, kwa maana pwani yetu na mbuga zetu zapokea wageni wengi. Fedha ya mgeni ni njema. Lakini yafaa tuulize mapema: mtoto wa mahali hapa atapata wapi kiwanja cha kujenga? Mji usio na wenyeji ni kama nyumba ya maonyesho: taa zawaka, hakuna anayepika.

BASI, TULETE NINI?

Nilipofika nyumbani, ushanga nilimpa mama. Aliutazama juani, akahesabu rangi, akasema, "Huu mwekundu, bibi yako alikuwa nao." Nikamweleza habari za mrija na wale wanawake wenye sindano. Sasa kila mgeni akija husimuliwa, na kila mara habari huongezeka kidogo!

Ninyi mnaosafiri, iwe Ulaya, iwe Dar es Salaam tu, shikeni haya. Msikope kwa ajili ya zawadi, maana deni halina utamu wa kuonyeshwa. Leteni kitu kidogo mnachojua kimetengenezwa na nani na kimepatikanaje. Pamoja nacho leteni jambo moja la kutenda, ambalo jirani aweza kuliiga bila fedha nyingi.

Nanyi mnaobaki nyumbani, msimsute mwana aliyerudi na mfuko mwepesi. Mkaribisheni uji, mpumzisheni, kisha mwulizeni maswali mawili: Umeona nini? Na hapa kwetu tutakifanyaje? Akiweza kujibu la pili, amerudi na mzigo mzito. Mpokeeni.