Mugonjwa wa kanseri anakonda: tumulishe nini?



Jambo hili linafika katika nyumba nyingi. Baba aliyezoea kubeba mifuko ya mawe ya shaba anapatwa na kanseri. Nyuma ya miezi mbili tu, shati linamuwa kubwa na mapaja yanakwisha. Bibi yake anapika bukari. Yeye anameza matonge mawili, basi. Hapo jamaa wanaanza kusema: «Ule mama hamulishe vizuri!» Wengine wanauza velo ili kununua makopo ya maziwa ya unga na chupa za vitamini.

Tusimuhukumu mama huyo. Kukonda huku si njaa ya kawaida. Waganga wanakuita kakeksia, neno la Kigiriki, maana yake «hali mbaya». Kanseri inakata hamu ya kula, tena inafanya mwili uvunje nyama yake wenyewe. Katika mwaka 2011 wataalamu wa inchi mbalimbali walipatana hivi: mugonjwa akipoteza zaidi ya 5 kwa mia ya uzito wake ndani ya miezi 6, ni alama ya kakeksia. Kwa mutu wa kilo 60, ni kupita kilo 3. Walisema vilevile kwamba chakula peke yake hakiwezi kurudisha yote.

Makopo na chupa vinasaidia?

Maziwa na unga wenye protini nyingi vinasaidia mugonjwa asiyeweza kula vya kutosha. Lakini haviponyeshe kanseri. Juu ya mafuta ya samaki, uchunguzi haupatane. Na vitamini nyingi kupita haja ya kila siku hazina faida. Zinaweza hata kuumiza. Usiuze kitu cha nyumba mbele ya kuuliza munganga.

Nyumbani tufanye nini?

Mugonjwa anahitaji gramu 1 mpaka 1,5 ya protini kwa kila kilo ya mwili, kila siku. Akiwa na kilo 50, ni gramu 50 mpaka 75. Yai moja lina karibu gramu 6. Basi, tia soya na karanga za kutwanga ndani ya uji, ongeza mafuta kidogo. Saga ndakala kavu, changanya na sombe. Mupe kidogo kidogo, mara tano ao sita kwa siku. Akiweza, atembee kidogo katika kiwanja, maana nyama isiyotumika inaisha upesi.

Akitapika, akiwa na vidonda kinywani ao maumivu, sema kwa munganga: mambo hayo yana dawa, na nyuma yake anaweza kula tena. Wengine wanasema tuinyime kanseri chakula. Hapana! Anayekufa njaa ni mugonjwa, si kanseri.

Na kama siku za mwisho zimefika, mwili haudai tena chakula. Kumulazimisha ni kumutesa. Lowesha midomo yake, kaa karibu, shika mukono wake. Na ule mama aliyepika kila siku, jamaa wamuambie wazi: hukukosa kitu.