Mradi Unapokwisha: Tuwatunze Wadhamini Wetu wa Kazi



Miradi mingi tunayoiendesha pamoja na sharika na wafadhili ni ya miaka miwili au mitatu. Inapokwisha, taarifa ya fedha huandikwa, vifaa hukabidhiwa, na watumishi huagwa kwa soda na picha ya pamoja. Baada ya hapo kila mmoja hutafuta kazi nyingine, na hapo ndipo anapoulizwa: wadhamini wako ni akina nani?

Mdhamini katika maombi ya kazi siye anayeweka dhamana ya fedha. Ni mtu anayekufahamu, ambaye mwajiri mpya anaweza kumwuliza habari za utendaji na uaminifu wako. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaka wadhamini watatu wa kuaminika, na mashirika mengi hufanya hivyo pia.

Miaka kadhaa iliyopita nilipigiwa simu na mwajiri aliyetaka habari za kijana aliyewahi kuwa mhamasishaji wa mradi wetu wa maji. Alikuwa mchapakazi. Lakini hatukuwa tumewasiliana kwa miaka minne, wala hakuwa ameniambia kwamba ameandika jina langu. Nilikuwa ndani ya basi, nikashindwa kukumbuka hata mwaka alioanza kazi. Nilijibu kwa kusitasita. Kazi ile hakuipata, na jibu langu halikumsaidia.

Kutokana na hayo, nawashauri watumishi wetu mambo manne:

1. Chagua anayeijua kazi yako. Mjomba anaweza kusifu tabia yako, lakini msimamizi au mhasibu ndiye anayeweza kueleza kama hesabu zako zilikuwa sawa.

2. Omba ruhusa kabla ya kuandika jina lake. Kila unapoomba kazi, mtumie tangazo na wasifu wako, ili simu isimkute hana habari. Hakikisha pia namba yake bado inapatikana.

3. Wasiliana naye hata usipokuwa na shida. Salamu mara mbili kwa mwaka zinatosha. Ukipata kazi, mjulishe na kumshukuru. Usiache mbachao kwa msala upitao.

4. Omba cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi cheti hicho ajira inapokoma. Watu huhama na kustaafu, lakini cheti hubaki.

Kamati za sharika nazo zina wajibu. Wajumbe hubadilika, kwa hiyo ofisi iwe na jalada lenye jina la kila mtumishi, tarehe alizofanya kazi na majukumu yake. Mkiulizwa, semeni kweli. Mkimsifu asiyestahili kwa sababu ni mtoto wa mzee wa kanisa, siku mtakapomsifu anayestahili hamtasadikiwa.

Kwa wafadhili wetu, ombi ni dogo: katika ratiba ya kufunga mradi, itengwe siku moja ya kuandaa vyeti na barua za watumishi kabla ofisi haijafungwa. Pikipiki na kompyuta hukabidhiwa kwa orodha na saini. Mtumishi aliyetumika miaka mitatu asiondoke mikono mitupu.