Pampu ya mafuta ya ombwe

Pampu ya mafuta ya ombwe ni kifaa kidogo kinachovuta petroli kutoka kwenye tangi na kuipeleka kwenye kabureta kwa kutumia mabadiliko ya kanieneo ya hewa ndani ya injini yenyewe. Haihitaji umeme wala mkanda. Hupatikana kwenye mashine nyingi za boti, magari madogo ya mashindano na ndege nyepesi.

Injini nyingi za silinda moja, kama za jenereta na za pampu za kumwagilia mashamba, hazina pampu ya mafuta. Tangi lake liko juu ya kabureta, hivyo petroli hushuka yenyewe. Pampu huhitajika pale tangi linapowekwa chini ya kabureta, kwa mfano kwenye sakafu ya boti.

Muundo

Ndani ya pampu mna kiwambo chembamba kinachonyumbulika. Upande mmoja wa kiwambo una hewa, upande wa pili una petroli. Pampu ina midomo mitatu: wa hewa, wa kuingizia petroli na wa kutolea petroli. Vali mbili ndogo huruhusu petroli kwenda mbele tu.

Utendaji

Pistoni inapopanda, nafasi ndani ya kasha la krenki huongezeka na kanieneo hupungua. Kiwambo huvutwa, na petroli huingia kwenye pampu. Pistoni inaposhuka, kanieneo huongezeka, kiwambo husukumwa, na petroli hutoka kuelekea kabureta. Injini inayozunguka mara 3000 kwa dakika humpa kiwambo misukumo 50 kwa sekunde.

Injini ya silinda moja inafaa sana kwa kazi hii. Kama pistoni mbili zinapishana ndani ya kasha moja, moja ikipanda nyingine ikishuka, mabadiliko ya kanieneo hufutana.

Kufunga pampu

Kazi hufanyika mahali pa wazi, injini ikiwa imepoa na bila moto karibu.

1. Kutafuta chanzo cha hewa. Baadhi ya injini zina tundu lililozibwa kwenye kasha la krenki. Kwenye injini ya mipigo minne, bomba la kuingizia hewa, kati ya kabureta na silinda, laweza pia kutumika.
2. Kufunga pampu juu kuliko chanzo hicho, mdomo wa hewa ukielekea chini, ili oili inayopanda irudi kwenye injini badala ya kutuama kwenye pampu. Pampu iwe mbali na bomba la moshi.
3. Kuunga mpira wa hewa. Uwe mgumu kiasi na mfupi, usizidi sana sentimita 30. Mpira laini au mrefu hutanuka na kumeza msukumo.
4. Kuunga mpira kutoka tangi hadi pampu, ukiwa na chujio katikati, kisha kutoka pampu hadi kabureta. Mpira wa maji haufai, kwani petroli huulainisha na kuupasua.
5. Kukaza klipu zote na kuhakikisha kifuniko cha tangi kina tundu la kupitisha hewa.
6. Kuwasha injini na kukagua kila kiungo kama kinavuja.

Hitilafu

Kiwambo kikipasuka, petroli hupita kwenye mpira wa hewa hadi ndani ya injini. Kwenye injini ya mipigo miwili, plagi hulowa na moshi huwa mwingi. Kwenye injini ya mipigo minne, petroli huchanganyika na oili na kuifanya nyepesi. Vyuma husagana na injini yaweza kufa. Dalili yake ni oili inayoongezeka na kunuka petroli.

Mpira wa hewa ukitoboka, pampu hudhoofika. Kwenye injini ya mipigo miwili, hewa ya ziada hupunguza kiasi cha petroli na oili katika mchanganyiko, na pistoni yaweza kuungua.

Katika pwani ya Tanzania

Kati ya Dar es Salaam, Bagamoyo na Saadani, wavuvi hutumia boti zenye mashine zinazovuta petroli kutoka tangi lililo sakafuni. Hewa ya chumvi hula klipu za chuma cha kawaida, na jua hukausha mipira. Kwa hiyo klipu za chuma kisichoshika kutu na ukaguzi wa mara kwa mara ni muhimu. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi una kampasi Mbegani, wilayani Bagamoyo.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Pampu au mpira ukivuja, mvuke hutuama chini ya boti, na cheche moja yatosha kuulipua. Baharini injini ikizimika, chombo huchukuliwa na mkondo. Kwa sababu hiyo kiwambo na vipande vya mpira vya akiba hubebwa pamoja na makasia.